Mashine ya Tosti Aliyowekewa Aron

Mimi ni mpishi, na mpishi hapendi kufundishwa kazi yake na mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Nilisema maneno hayo mwaka wa tisini na sita, na niliyasema mbele ya watu, kwa hiyo siwezi kuyakana sasa. Niliyekuwa nikimsema ni Chepngeno, mwenye hoteli pale Silibwet, mama mjane wa miaka hamsini na kitu. Senta nzima ilimwita Mama Fancy, kwa jina la binti yake wa kwanza. Yeye ndiye aliyeniajiri nilipotoka kwenye mashamba makubwa ya chai huko Kericho, ambako nilikuwa nimempikia meneja mmoja miaka tisa katika nyumba ya juu ya kilima. Kama kuna kitu mimi Opondo nakijua hapa duniani, ni tosti. Meneja yule alikuwa akirudisha slesi jikoni kwa sababu ya alama nyeusi ndogo kama punje ya mtama.

Nisikudanganye na neno hoteli. Ilikuwa mabati pande zote, meza nne, mabenchi, na jiko la kuni nyuma. Lakini Chepngeno alikuwa ameiendesha miaka kumi na mmoja, akasomesha watoto watatu kwa chai na chapati, na hakuna mtu aliyewahi kupewa chai ya maji maji pale. Alikamua mwenyewe asubuhi, akaja na mtungi wake mgongoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimtukana anakuangalia tu, halafu anaendelea kukanda unga, na wewe unabaki na matusi yako mkononi hujui utayapeleka wapi.

Januari watu wa barabara walikuja na rangi nyekundu wakachora msalaba kwenye mabati yetu. Upande wetu wote wa barabara ungebomolewa kabla mwaka haujaisha ili stage ipanuliwe. Wiki mbili baadaye likabandikwa tangazo kwenye geti la kiwanda cha majani chai: kiwanda kinatafuta mtu wa kuendesha kantini kwa mwaka mmoja. Jengo lipo, maji yapo, stima ipo, wafanyakazi zaidi ya mia, na wageni juu yake. Kwa Chepngeno huo ndio mlango uliokuwa umebaki. Bila ile kantini hakuwa na mahali pengine hata pa kuweka sufuria.

Sharti la tano ndilo lililotuletea haya yote. Lilisema mwombaji awe na mashine ya kutosti, ya biashara, inayofanya kazi, na kamati itakuja kuiona kabla ya Pasaka. Inasemekana meneja wa kiwanda alikuwa amewapa wanunuzi wa majani mkate mkavu usiotostiwa siku moja, na mmoja wao akauliza kwa heshima kama tosta imeharibika. Meneja hakulala vizuri tena. Wafanyakazi wenyewe hawakuwa na shida na mkate. Huku kwetu mkate unachovywa kwenye chai, na ukiutosti kwanza unajitafutia kazi ya bure.

"Opondo," Chepngeno akaniambia, "wewe umefanya kazi kwa wazungu. Twende ukanichagulie."

Basi tukaenda Kericho, mimi na koti langu la zamani, nikijiona daktari. Njiani nilimweleza mambo ya maana. Usiangalie kung'aa, nikamwambia. Uliza inatoa slesi ngapi kwa saa, kwa sababu saa nne asubuhi watu mia watasimama mbele yako pamoja. Uliza inakula stima kiasi gani. Uliza kama koili zake zinapatikana, maana ikiungua moja na dawa iko Nairobi, umekwisha. Angalia trei ya chini ya kuzoa makombo, kama haitoki usinunue, utachoma jengo la watu. Yeye akasikiliza yote, akitingisha kichwa, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni.

Duka la kwanza walikuwa na ya matundu mawili, ndogo, nzuri, yenye maua ubavuni. Nikamwambia hiyo ni ya kapera. Walikuwa pia na ile kubwa ya mkanda, mkate unaingia huku mbichi na kutokea kule umeiva, na moyo wangu ukaipenda palepale. Lakini fundi wa duka akatuambia waya za kawaida haziiwezi. Ya tatu tuliipata nyuma ya hoteli moja iliyokuwa inafungwa: matundu sita, chuma kizito, imetumika miaka mitatu. Nikapima tundu kwa kidole, nikavuta trei, nikaigonga ubavu. Nikasema, "Mama Fancy, hii hii. Tulipe twende."

Chepngeno hakuwa na haraka. Alizunguka ile mashine mara mbili. Akamuuliza mwenyewe imetoka kwa nani, na huyo wa kwanza aliiachia nini. Akauliza kama inachagua mkono wa mtu. Halafu akasema kitu kilichonifanya nitamani ardhi inimeze: "Nataka kuiona ikikamuliwa jioni, na nitarudi kuiona asubuhi."

"Mama, hii ni tosta," nikamnong'oneza.

"Kwani mimi nimesema ni nini?" akajibu. "Ng'ombe wa sokoni anashikiliwa maziwa kutwa ili titi lijae. Mimi sinunui ng'ombe bila kumkamua mara mbili."

Basi tukakaa. Jioni tulichoma mikate minne mpaka mwenye hoteli akaanza kutuchukia. Chepngeno alisimama na saa ya marehemu mume wake mkononi. Tukalala kwa binamu yake, asubuhi tukarudi, na mashine ikiwa baridi kabisa akawasha tena. Mkate wa tundu la tano ukatoka mweupe kama ulivyoingia. Jioni ulikuwa umeiva kwa joto la matundu ya jirani tu. Mimi na miaka yangu tisa sikuwa nimeliona hilo.

"Titi moja limekufa," akasema, na bei ikashuka. Nilikuwa na aibu, nikaificha kwa kubeba mashine mwenyewe mpaka kwenye gari. Tulipofika nyumbani akachukua msumari akaikwaruza alama ndogo pembeni, pembetatu, ile ile inayokatwa kwenye masikio ya ng'ombe wa kwao. Nikacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

Sasa kulikuwa na shida moja. Hoteli yetu haikuwa na stima. Watu wa stima walikuwa wameahidi kuja kabla ya Machi kuisha, na fomu tulikuwa nayo, na risiti tulikuwa nayo, kilichokosekana ni watu wenyewe. Nguzo zilipita upande wa pili wa barabara, zikampa Aron. Aron alikuwa na hoteli kama yetu, ila yenye taa. Alikuwa shemasi wa kanisa, mtu mrefu mpole ambaye hata akikuuzia andazi la jana anakuambia ni la jana. Yeye na Chepngeno walikuwa wameshindana kwa amani miaka yote.

Mashine ikakaa stoo siku nne imefunikwa gunia. Siku ya tano Chepngeno akaniambia nimsaidie kuivusha barabara.

"Tunampelekea Aron? Unamwazima?"

"Simwazimi. Namwekea."

Hapo ndipo alipoanza kunieleza, na mimi, mtu wa kutoka ziwani, nikasikiliza nusu. Wakipsigis wana desturi wanaiita kimanagan. Ukiwa na ng'ombe, huwaweki wote boma moja. Mmoja unampelekea rafiki. Yeye anamlisha, anakamua, watoto wake wanakunywa. Maziwa ni yake, ng'ombe ni wako, na atakachozaa ni chako. Ng'ombe akifa, rafiki anakuletea ngozi na kukueleza alivyokufa. Hakuna karatasi. Huko nyuma ilikuwa kazi ya wanaume, lakini Chepngeno alikuwa amezika mume, na ng'ombe hawakumngojea apate mwingine.

"Mashine ikikaa bila kuwashwa inaingia panya," akasema. "Kwa Aron itakuwa inafanya kazi. Stima ikija kwangu nitaiomba kwa utaratibu."

Nikamwambia ni wazimu. Nikamwambia kwa heshima, halafu nikamwambia bila heshima. Aron alipopokea mashine alivua kofia. Alielewa mara moja, hata hakuuliza swali. Akasema, "Mama Fancy, umeniona mtu," na macho yakamlegea kidogo. Kesho yake akaanza kuuza tosti.

Kamati ilikuwa imesema itakuja Alhamisi. Ikaja Jumanne. Walikuwa wanne, meneja mwenyewe na wakurugenzi watatu waliochaguliwa na wakulima, wakiongozwa na mzee Joab, mwenye tumbo na mwavuli. Wakasimama stage wakauliza mashine ya tosti ya hapa Silibwet iko wapi, na senta nzima ikanyoosha kidole kwa Aron. Mimi nilikuwa mtoni na mitungi. Chepngeno alikuwa kliniki ya Kaplong na mjukuu. Tuliporudi mambo yalikuwa yamekwisha.

Aron mwenyewe alikuja kutuambia, na sifa zake nitampa, hakuficha kitu. Meneja alikula slesi tano. Aron akasema, "Hii mashine ni ya Mama Fancy." Meneja akauliza, "Iko kwa nani?" Aron akajibu, "Iko kwangu." "Anayeitumia ni nani?" Akajibu, "Ni mimi." Meneja akatoa fomu kwenye begi akasema sharti linataka mashine inayofanya kazi, na hapa inafanya kazi. Mzee Joab akaangalia paa. Aron akashika kalamu, akatia sahihi.

"Hawakuuliza ng'ombe ni wa nani," Aron akamwambia Chepngeno, akiangalia viatu vyake. "Waliuliza maziwa. Maziwa uliniachia."

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, nilishika mwiko wa ugali na nilikuwa nautafutia mahali. Chepngeno akamuuliza kama amekunywa chai, na akammiminia.

Alipoondoka nikamwambia, "Navuka sasa hivi naibeba. Ni yako. Alama yako iko pale."

"Hubebi."

"Mama, watabomoa hapa. Utaenda wapi?"

"Ng'ombe haondolewi kwa nyumba ya mtu wakati watoto wanakunywa," akasema. "Nikimnyang'anya leo, nani ataniwekea kitu kesho?"

"Hiyo ni tosta," nikasema tena, nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Mei Aron akahamia kantini. Kabla hajahama akaja kuomba ruhusa, kwa sababu desturi inataka ng'ombe akihamishwa malisho mwenyewe ajulishwe. Alisema hivyo hivyo, malisho, na uso wake mkavu. Chepngeno akakubali. Baada ya hapo kila Jumapili, wakitoka kanisani, Aron alimletea slesi nne zilizofungwa kwenye gazeti. Zilikuwa baridi na ngumu kama kigae. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akatoa habari: mashine ni mzima, koili zilizobaki ziko sawa, juzi ilitoa moshi kidogo lakini ilikuwa ni kombo. Chepngeno alimshukuru. Akazichovya kwenye chai akazila zote, na mimi nikiwa nimekaa pembeni nimenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama.

Watu wa stima walikuja Agosti, wakatuwekea mita, lakini Chepngeno hakuiomba mashine, akasema watoto bado wanakunywa. Tarehe saba Novemba tinga likaja likabomoa mabati, na mita nayo. Stima ilikuwa imetuangazia miezi mitatu.

Tukahamia kando ya barabara, chini ya karatasi la nailoni, jiko moja na benchi mbili. Kwa mvua ya huku kwetu, saa nane mchana inaponyesha kila siku kama imeajiriwa, hayo si makazi ya mama wa umri ule. Alikohoa Krismasi nzima. Wateja wakapungua mpaka tukawa tunajuana kwa majina. Nikamwambia nitafute kazi kwingine nimpunguzie mdomo, akasema nifanye ninavyotaka. Sikwenda. Kila nilipopita geti la kiwanda na kusikia harufu ya mkate wa kuchoma nilitema mate.

Februari mashine ikafa. Ilikuwa saa nne asubuhi, wageni wakiwa mezani, na mkate wa siku hiyo ulikuwa umekatwa kwa mkono, mnene kama kitabu cha nyimbo. Aron akausukuma. Ukanasa. Akausukuma tena. Kukatoka mlio, moshi, na kantini nzima ikawa giza. Fundi alifungua akasema hakuna cha kutengeneza.

Kiwanda kikajinunulia mashine yake wiki ile ile, ya mkanda, ile niliyoipenda mimi, na sharti la tano likafutwa kimya kimya. Hakuna aliyekuwa akimdai Aron kitu. Meneja hata hakujua alama ya msumari ni nini.

Jumapili iliyofuata Aron alikuja kwetu pale chini ya nailoni akiwa na suti ya kanisani. Nyuma yake walikuwa wazee wawili, mmoja akiwa Joab na mwavuli wake. Aron alibeba gunia. Akaliweka chini taratibu mbele ya Chepngeno, akalifungua, na ndani yake lilikuwepo ganda la tosta, limefutwa masizi, limepakwa mafuta kidogo ili lisipate kutu.

"Mama Fancy," akasema, "ng'ombe wako amekufa. Nimeleta ngozi. Na hawa ni wa kushuhudia kwamba sikumchinja."

Akaeleza alivyokufa, kutoka mkate wa kwanza mpaka moshi wa mwisho, bila kujitetea. Nilitaka kucheka, na nikaona kwamba hakuna mwingine anayetaka. Chepngeno akainama akapapasa ubavu wa lile ganda mpaka akaipata pembetatu yake.

"Ni yeye," akasema. "Umemtunza vizuri. Pole."

"Asante."

"Na ndama?"

Mvua ilikuwa imeanza kugonga nailoni. Aron akamwangalia kama hakusikia. "Mashine haizai, Mama Fancy."

"Ile kantini uliipata na nini?"

Aron akaangalia wazee. Mzee Joab akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na alipomaliza kukohoa hakurudi kucheka tena. Alikuwa anafikiri, na niliona usoni mwake kwamba haoni pa kuikwepa hoja hiyo. Aron mwenyewe ndiye aliyesema ng'ombe. Aron mwenyewe ndiye aliyeleta ngozi, na mashahidi amewaita yeye, akiwa amevaa tai.

"Ulisema ng'ombe," Joab akamwambia kwa upole.

Aron akakaa kwenye benchi. Maji yalimdondokea begani. Halafu akasema, "Mwaka wa tenda unaisha Aprili. Sitaomba. Nitapeleka jina la mwenye ng'ombe." Akainuka, akampa Chepngeno mkono.

Akafanya alivyosema. Joab akaieleza kamati jambo hilo kwa Kipsigis, na inasemekana wakulima wote mezani walikubali kabla hajamaliza, na meneja, mtu wa mbali, akaandika jina jipya bila kuelewa hata neno moja. Mei mwaka wa tisini na saba Chepngeno akafungua kantini kwa ufunguo wake, akaweka mitungi yake kwenye sakafu ya saruji, na mimi nikapewa mashine ya mkanda. Nilifurahi, nasema kweli, niliimba siku nzima. Siku ya pili nikamkuta Aron jikoni kwangu amefunga aproni. Chepngeno alikuwa amemwita, kwa sababu mtu aliyetunza ng'ombe wako hafukuzwi hivi hivi, na hoteli yake alikuwa ameshampa mtu mwingine. Nikafanya kazi na huyo mtu bega kwa bega miaka sita. Hakuna siku alinung'unika.

Nilimuuliza Chepngeno mara moja tu, tukiosha vikombe, Aron akiwa ameenda kuleta kuni. Nikamwambia ninavua kofia, kwamba alikuwa amepanga mambo tangu siku tulipovuka barabara, na mimi mjinga nilikuwa napasua kuni.

"Nilipanga nini?" akasema. "Mwaka mzima nilikuwa na uchungu tu. Nilimchukia. Nilikula mkate wake nikimchukia. Yule ndama nilimkumbuka gunia lilipofunguliwa, siyo kabla."

"Hata hivyo umeshinda."

Akaweka kikombe chini. "Kama angelitupa lile ganda kwa shimo la takataka, ningefanya nini? Hakuna. Angekuwa na kantini yake mpaka leo. Mwizi angenishinda, Opondo. Huyu nimemshinda kwa sababu ni mtu mzuri, na kila asubuhi ananisalimia."

Aron akaingia na kuni, akauliza kama aanze kukata mkate. Chepngeno akamwambia aanze, bila kugeuka.